Kutoka mabavu hadi demokrasia, na kurudi: Kisumu yatufunza nini

Shemeji yangu anauza madera na vitenge mjini Kisumu, si mbali na barabara ya Oginga Odinga. Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, kuna jambo yeye hulifanya bila ya kuambiwa na mtu. Wiki moja kabla ya kura hununua unga, mchele, mishumaa na maji ya chupa. Siku ya kutangazwa matokeo huteremsha mlango wa duka mapema akaenda kuketi nyumbani na watoto. Mwaka 2022 nilimpigia simu kutoka Mombasa kumuuliza mambo yaendaje. Akanijibu, "Shemeji, kura nimeshapiga. Sasa nangoja tu. Tukishinda, kesho nafungua duka. Tukishindwa, nina unga wa siku kumi."

Nilipokuwa nikisomea diploma ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba demokrasia ni utawala wa watu, kisha tukaulizwa swali hilo kwenye mtihani na tukalipita. Lakini jibu la shemeji limenikaa moyoni kuliko somo lile. Mtu anayepanga unga wake kwa kutazama nani atashinda anajua kitu kuhusu nchi yake ambacho vitabu hukieleza kwa kurasa nyingi.

Wasomaji kadhaa wameniuliza, hasa baada ya yaliyotokea kwa jirani zetu Tanzania Oktoba 2025, nchi hutokaje kwenye utawala wa mabavu ikaingia demokrasia, na kwa nini nyingine hurudi zilikotoka. Leo nitajaribu kueleza, na mfano wangu mkubwa ni Kisumu. Sisi wa Pwani tunaweza kuiona Kisumu mbali, lakini yaliyoupata mji ule yamepita pia milangoni mwetu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Utawala wa mabavu si lazima uwe wa wanajeshi wenye miwani myeusi. Waweza kuwa na bunge, mahakama, hata uchaguzi kila baada ya miaka mitano. Alama yake ni kwamba walio madarakani hawawezi kuondolewa kwa kura, na anayejaribu kuwaondoa hukosa amani.

Msomi mmoja mzaliwa wa Poland aliyefundisha Marekani, Adam Przeworski, alilieleza jambo hili kwa ufupi: demokrasia ni mfumo ambao vyama hushindwa katika uchaguzi. Ukilifikiri utaona lina uzito. Mahali ambapo chama tawala hakijawahi kushindwa wala hakiwezi kushindwa, kura ni sherehe tu. Mwingine, Samuel Huntington, alitoa kitabu mwaka 1991 akieleza wimbi la nchi zilizoingia demokrasia kuanzia Ureno, Aprili 1974, likapita Uhispania, Amerika ya Kusini na Ulaya ya Mashariki. Kipimo chake kilikuwa kwamba demokrasia imekomaa pale madaraka yanapobadilisha mikono kwa kura mara mbili, na kila aliyeshindwa akakubali.

Wazee wetu walishasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo ni kweli, lakini yanamtazama mshindani peke yake. Mimi nitaongeza upande wa pili: nchi ambayo mtu hawezi kushindwa akalala salama haijafika kwenye demokrasia, hata ikiwa na masanduku ya kura ya aina gani. Tuipitie historia ya Kisumu kwa kipimo hicho.

Mlango ulivyofungwa, 1963 hadi 1969

Wengi hudhani demokrasia hufa usiku mmoja, redio ikapiga muziki wa kijeshi. Kenya haikuwa hivyo. Mlango ulisukumwa kidogo kidogo, na mara nyingi ni wabunge waliousukuma kwa kupitisha sheria.

Tulipata uhuru 12 Desemba 1963 tukiwa na katiba ya majimbo, bunge la wawakilishi na baraza la seneti. Chama cha upinzani kilikuwa KADU, na kiongozi wake alikuwa mtu wetu wa Pwani, Ronald Ngala. Novemba 1964 KADU ilijivunja ikaingia KANU, na mwezi uliofuata tukawa jamhuri yenye rais mwenye nguvu. Majimbo yakaanza kufa. Kwa hiyo watu wa Pwani ndio waliokuwa wa mwanzo kuona upinzani ukimezwa, kabla ya Kisumu.

Mwaka 1966 kwenye mkutano wa KANU wa Limuru, cheo cha naibu wa chama alichokuwa nacho Jaramogi Oginga Odinga kilivunjwa, nafasi yake ikagawanywa kwa manaibu wanane. Jaramogi akajiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama kipya, KPU. Papo hapo katiba ikabadilishwa ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Mwaka huohuo sheria ya usalama wa umma ikairuhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani, na seneti ikafutwa. Kila hatua ilikuwa na sababu yake ya kupendeza masikioni: umoja, usalama, kupunguza gharama.

Kisha ukaja mwaka 1969. Tarehe 5 Julai Tom Mboya, mzaliwa wa jamii za ziwani na waziri aliyekuwa na jina kubwa, aliuawa kwa risasi Nairobi. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta akaenda Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati ule. Wenyeji mpaka leo huiita Russia, ingawa kwenye kibao imeandikwa jina la Jaramogi. Rais na Jaramogi walirushiana maneno makali mbele ya watu, ghasia zikaanza, na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wengi waliohesabu wenyewe walitaja idadi kubwa zaidi, na miongoni mwa waliopigwa walikuwemo watoto.

Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukafanywa na chama kimoja. Hakuna sheria iliyosema Kenya ni nchi ya chama kimoja, lakini chama kilikuwa kimoja. Sheria yenyewe, kifungu cha 2A, ilikuja Juni 1982. Miezi miwili baadaye kukawa na jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa angani, na mambo yakazidi kukaza. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu aliondolewa kinga ya kazi yake, na 1988 ikawa zamu ya majaji. Mwaka huohuo wa 1988 ndipo tukapanga mlolongo nyuma ya wagombea katika mchujo wa KANU, na aliyepata asilimia 70 ya foleni alihesabiwa ameshapita. Vijana wa leo hudhani ni mzaha. Wazazi wetu walisimama kwenye foleni hizo.

Mlango ulivyofunguliwa

Nchi hutokaje humo? Ukiangalia nchi nyingi, utaona mambo matatu yakikutana: watu wa ndani wanaokataa kunyamaza, wafadhili wa nje wanaobana mkono, na wakubwa wenyewe kugawanyika. Jambo moja peke yake aghalabu halitoshi.

Kwetu yalikutana kati ya 1990 na 1991. Februari 1990 mwili wa Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje na mbunge wa Kisumu, ulipatikana Got Alila karibu na Koru, umechomwa moto. Kisumu iliwaka kwa hasira. Viongozi wa dini wakasema hadharani, akiwemo Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, aliyetaka vyama vingi virudi. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, polisi walipambana na waliotaka kukutana Kamukunji. Agosti 1991 Jaramogi, akiwa mzee wa karibu miaka 80, akawa miongoni mwa waanzilishi wa FORD. Nje, vita baridi vilikuwa vimekwisha, na Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris wakasimamisha misaada mipya. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kufunguliwa kwa mlango si kuingia ndani. Mwaka 1992 sisi Waislamu wa Pwani tulilijua hilo kabla hata ya kura, maana chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili, na mitaa ya Mombasa ikajaa vurugu na moshi wa kutoa machozi. Unaweza kubishana nami kama chama cha dini kilifaa au hakikufaa, na wapo masheikh waliokipinga. Lakini aliyeamua hakuwa mpiga kura.

Desemba 1992 Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 tu, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Jaramogi waligombea kila mmoja kivyake. Mwaka 1997 akashinda tena kwa asilimia 40. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kinga zetu zilikuwa zimetawanyika. Zilipokutanishwa mwaka 2002, Raila Odinga aliposema "Kibaki tosha", mgombea wa NARC alipata asilimia 62. Tarehe 30 Desemba 2002 Moi alikabidhi madaraka Uhuru Park. KANU ilishindwa ikaenda nyumbani. Kwa kipimo cha Przeworski tulikuwa tumefika.

Kwa nini hatukufika

Tulimbadilisha dereva, gari likabaki lilelile. Rais aliteua makamishna wa uchaguzi, aliteua majaji, na polisi walikuwa walewale wenye amri zilezile. Oktoba 2005, wakati wa kampeni za kura ya maoni ya katiba, watu walipigwa risasi wakafa Kisumu. Desemba 2007 matokeo yalitangazwa jioni na rais akaapishwa usiku unaingia. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Yaliyotokea Bonde la Ufa mengi yalikuwa ya majirani kuuana. Kisumu ilikuwa na jambo lake: wengi wa waliokufa walikuwa na majeraha ya risasi, na waliokuwa na bunduki mji ule ni polisi.

Mapatano ya 28 Februari 2008, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yalizima moto, na katiba ya 27 Agosti 2010 ikaanza kubadilisha gari lenyewe. Majaji sasa huchujwa hadharani. Mahakama ya Juu imepewa siku 14 kuamua kesi ya urais. Fedha zinafika kwenye kaunti, kwa hiyo aliyeshindwa Nairobi bado ana gavana wake Kisumu au Kilifi. Usidharau hilo la ugatuzi. Ukipunguza kinachopotea mtu akishindwa, umempunguzia sababu ya kukataa kushindwa.

Mwaka 2017 ulituonyesha nchi ikiwa na nyuso mbili. Usiku wa 11 Agosti, baada ya matokeo kutangazwa, polisi waliingia mitaa ya Kisumu kama Nyalenda na Manyatta. Mtoto wa miezi sita alipigwa kichwani nyumbani kwao, akafariki siku chache baadaye. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ulisema polisi ndio wa kulaumiwa. Na katika msimu huohuo, tarehe 1 Septemba, majaji wa Mahakama ya Juu wakiongozwa na David Maraga walifuta ushindi wa rais aliye madarakani, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Uchaguzi wa marudio wa 26 Oktoba haukuweza kufanyika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Hesabu mwenyewe: ilikuwa miaka 48 na siku moja tangu risasi za hospitalini.

Kwa hiyo nchi moja yaweza kuwa na mahakama ya kidemokrasia na polisi wa kimabavu wakati mmoja. Haivuki yote kwa pamoja. Kila taasisi huvuka kwa wakati wake, na nyingine hubaki ng'ambo.

Mwaka 2022 tulisogea. IEBC iliweka fomu za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 hadharani mtandaoni, yeyote akajumlisha mwenyewe. Mgombea aliyeungwa mkono na rais anayeondoka alishindwa. Kesi ikaenda mahakamani, ikaamuliwa 5 Septemba, na shemeji akafungua duka akiwa bado ana unga. Lakini mwaka uliofuata, maandamano ya gharama ya maisha yakarudisha risasi Kisumu na Maseno, na Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliuawa Nairobi na kwingine, wengine wakatekwa na watu wasio na sare.

Jirani zetu wa ziwa na wa bahari

Ukisimama ufuo wa Dunga ukatazama maji, mbele yako ni ziwa linalogawanywa na nchi tatu, na kila moja imeshika njia yake.

Uganda, Rais Museveni aliingia 1986 baada ya vita vya msituni. Katiba ya 1995 iliweka vipindi viwili, bunge likaviondoa 2005. Ikabaki kikomo cha umri wa miaka 75, nacho kikaondolewa 2017. Ni mtindo uleule tuliouona kwetu miaka ya sitini: hakuna aliyevunja sheria, sheria ndiyo iliyobadilishwa ikae kwa kipimo cha mtu mmoja.

Tanzania, Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na ikawa hivyo 1992. Mlango ulifunguliwa kutoka juu, na waliokuwa ndani wakabaki na ufunguo. CCM haijashindwa urais hata mara moja. Zanzibar ilipata majaribu zaidi. Januari 2001 waandamanaji waliuawa Pemba na Unguja, na Wapemba zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni. Wenzetu wa Kwale waliwapokea na wanakumbuka. Mwaka 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, tukashangilia. Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume alifuta uchaguzi mzima kwa kusoma tangazo. Linganisha na sisi 2017: kwetu walifuta majaji baada ya kusikiliza pande mbili.

Oktoba 2025 kiongozi wa chama kikuu cha upinzani, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini, chama chake kikiwa nje ya uchaguzi. Siku ya kura watu waliandamana, wakauawa, intaneti ikazimwa, na mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Nchi tuliyozoea kuiita kisiwa cha amani ilitukumbusha kwamba utulivu na demokrasia ni vitu viwili.

Namna ya kupima

Ukitaka kujua nchi inaelekea wapi, usiangalie hotuba. Jiulize maswali haya.

Je, aliye madarakani amewahi kushindwa akaondoka? Je, kikomo cha muda wake kinaguswa? Je, jaji aweza kumwambia "hapana" na akabaki na kazi? Je, matokeo ya kila kituo yanaonekana na kila mtu? Je, askari aliyeua raia hufikishwa kortini? Na mwisho, je, mtaa ulioshindwa hulala salama usiku wa matokeo?

Kenya leo nitaipa alama nzuri kwa maswali manne ya kwanza. Kwa mawili ya mwisho bado tunafeli, na hatufeli Kisumu peke yake. Pwani tuna vijana waliochukuliwa na hawajarudi, na masheikh waliopigwa risasi barabarani Mombasa mwaka 2012 na 2014 ambao jamii zao zinangoja jibu mpaka leo. Mtu wa Kondele na mtu wa Majengo hawakutani mara nyingi, lakini wameonja bunduki moja. Tukisikia ya Kisumu tukasema "hao wamezoea fujo", nao wakisikia yetu wakasema "hao ni magaidi", mwenye bunduki hana haja ya kujibu mtu.

Na tusidanganyike na kupatana kwa wakubwa. Mwaka 2008 walipatana, 2018 wakasalimiana kwa mikono, 2025 wakatia saini tena. Kila mara ghasia zilipoa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kesi za waliouawa hazikwenda mbele kwa salamu hizo. Raila Odinga, aliyegombea urais mara tano, alifariki Oktoba 2025. Wengi wanauliza nani atapatana na nani sasa. Mimi nauliza kama tumejenga polisi na mahakama ambazo raia hahitaji mkubwa wa kumsemea.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Uliza mgombea wako wa ubunge, awe Kisumu ya Kati au Nyali, atafanya nini kuhusu kesi za polisi zilizolala. Usiulize siku ya kura, uliza sasa.

Nilipozungumza na shemeji juzi nilimuuliza kama ameanza kupanga. Akacheka, akasema bado mapema, unga utaoza. Dua yangu ni kwamba Agosti ile asinunue ila wa kupikia siku hiyo. Siku atakapofungua duka asubuhi baada ya kushindwa, bila ya kuchungulia barabara kwanza, nitaandika hapa, inshallah, kwamba tumevuka.